Harufu ya Chumba cha Bi Mwanamize

Miaka ile ya sabini mwanzoni, ungemkuta Ussi huko ughaibuni, kwenye basi la Bordesley Green na sanduku lake mapajani, ungedhani ni sonara katoka Hockley, mtaa wa masonara. Wapi! Ndani mlikuwa na kipima upepo, pangaboi dogo la kuwekwa kwenye matundu ya hewa ya hospitali, ajue hewa inavutwa kwa kasi gani. Kazi yake ilikuwa hiyo, na akiipenda kufa.

Chumba kilichomkosesha raha ni cha Bi Mwanamize, Mzanzibari mwenziwe, aliyelazwa kwa kifua kikuu. Hewa ya mle ilitakiwa ivutwe kwa nguvu, itolewe juu ya paa, isije ikapenya mlangoni ikawafikia wagonjwa wengine. Mara mbili Ussi kapima, mara mbili pangaboi limezunguka kivivu. Kabadilisha mkanda wa feni, kasafisha njia ya hewa, hamna kitu.

"Leo chumba kikifeli kipimo tena wanamhamisha," alisema Jemima, nesi wa Kikenya. "Wanampeleka hospitali ya kule mpakani mwa Wales. Na huko ataongea Kiswahili na nani?"

Ussi alielewa sana. Tangu aondoke kwao, hakuna mwingine ila bibi huyu aliyekuwa akimwita mwanangu.

Akavaa barakoa, akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na hicho kidude chako tena?"

Pangaboi likajikokota vilevile. Safari hii Ussi akaufungua wavu wa tundu. Nyuma yake, limeshindiliwa barabara, taulo la hospitali!

"Bi Mwanamize! Nani kafanya haya?"

"Mimi. Skrubu nimezifungua kwa sarafu."

"Loo! Mie nahangaika na mafeni, kumbe wewe! Unajua utawaambukiza watu? Unajua wanataka kukuhamisha?"

Bibi akatoa kanga chini ya mto. Bintiye alimletea kutoka Unguja, imefukizwa udi, imelazwa na asumini.

"Hilo tundu lako linaniibia," akasema, machozi yakimlenga. "Kila nikiamka, harufu imepungua. Nikasema nizibe, nibaki nayo kidogo."

Hasira zote zikamwisha Ussi. Lakini taulo akalichomoa, afanyeje? Pangaboi likavuma, chumba kikapita, na Jemima kwenye kioo cha mlango akapiga makofi. Bi Mwanamize hatakwenda popote.

Bibi akainusa kanga, akaikunja taratibu.

"Imekwenda," akasema. "Basi kaa, mwanangu. Nihadithie wewe. Kwenu kukinukia vipi, mama yako akifukiza?"

Ussi akavuta kiti, akafungua mdomo. Alikiona chetezo, aliiona mikono ya mama yake, hata ufa wa ukutani aliuona. Harufu hakuipata. Akaitafuta, akaitafuta.

"Bibi," akasema, "sikumbuki."

"Maskini mwanangu," akasema Bi Mwanamize, na akaanza yeye kumhadithia harufu ya nyumbani.