Wivu wa Mwalimu Bazilio

Kwa miaka mingi, mtu wa Busunzu aliyekuwa na jambo zito alikwenda kwa mwalimu Bazilio. Ndoa ikiyumba, ndugu wakigombania shamba, barua ya serikali isipoeleweka, njia ilikuwa moja. Bazilio alifundisha miaka thelathini na sita kabla ya kustaafu, na alikuwa na methali kwa kila jeraha.

Kisha watu wakaanza kwenda kwa mama Niyitegeka.

Huyu alikuwa mjane, aliyeletwa kutoka Burundi mgongoni kwa mama yake, uraia akaupata ukubwani. Darasani hakufika mbali. Kiswahili chake kilikuwa nusu Kirundi. Kila Bazilio aliposikia mtu akisema, "Yule mama ana hekima," kifua kilimwaka.

"Hekima gani?" alimwuliza jirani yake Sylvesta. "Kasoma wapi?"

Sylvesta akacheka tu.

Hayo angeyavumilia. Lakini Jumatatu moja Sylvesta akamwambia, bila ubaya, "Naona binti yako amekuwa mwenyeji kwa mama Niyitegeka. Juzi nilimkuta pale, leo tena."

Aline, binti yake wa pekee, alikuja kutoka kwa mumewe Kibondo wiki mbili nyuma, baada ya kujifungua mtoto mfu. Baba yake alimshauri sana, kwa simu na ana kwa ana. Kila mara alijibu, "Sawa, baba," akainuka kwenda kuosha vyombo. Kumbe maneno alikuwa nayo. Aliyapeleka kwingine.

Bazilio hakusubiri hata chai.

"Mwakeye, mwalimu," mama Niyitegeka alimsalimu kwa Kiha, kisu mkononi, rundo la mihogo mbele yake.

"Unamwambia nini mwanangu?"

"Simwambii kitu."

"Usinifiche. Unampa ushauri gani?"

"Nimshauri nini, mwalimu? Mimi sijui kwa nini mtoto amekufa. Anakuja, anakaa hapo, tunamenya mihogo. Akilia, namwacha alie. Akisema, nasikiliza."

"Anasema nini?"

"Hayo ni yake. Muulize mwenyewe." Akachukua muhogo mwingine. "Ila ukimwuliza, ngoja akujibu."

Bazilio alirudi nyumbani amefura. Njia nzima alitunga maneno ya kumwambia Aline: heshima ya mzazi, aibu ya kuanika mambo ya nyumbani kwa watu. Alimkuta uani anachambua maharage. Akavuta kigoda, akakaa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini jibu lake alikwisha kulijua: Sawa, baba.

"Kwa nini kwake, si kwangu?" Hilo ndilo lililomtoka.

Aline aliendelea kuchambua. Bazilio alifungua kinywa, akakifunga. Akafungua tena, akafunga. Ungo mzima wa maharage ukachambuliwa.

"Siku ile nilipokupigia kutoka hospitali," Aline alisema mwishowe, "uliniambia Mungu atanipa mwingine. Nilikuwa bado nimempakata, baba."

Bazilio aliikumbuka simu ile. Alipoikata alijisifu moyoni jinsi maneno yalivyomjia vizuri.

"Alikuwa wa kike?" aliuliza.

"Wa kike. Nilimpa jina la mama. Pelagia. Mama Niyitegeka peke yake ndiye aliyeniuliza kama alikuwa na jina."

Mkewe Pelagia alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Methali ilimjia Bazilio hadi kwenye ncha ya ulimi, naye akaimeza. Alishuka kwenye kigoda, akakaa chini kwenye mkeka kando ya mwanawe, na walilia pale hadi kuku wakaja kudonoa maharage nao hawakuwafukuza.

Kesho yake asubuhi Aline alijifunga kitenge, akaaga kwamba anakwenda kwa mama Niyitegeka. Wivu ukamshika Bazilio palepale, ule ule wa jana, haukupungua hata chembe.

"Msalimie," alisema, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida.