Aliyeachwa Amesimama

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, na kila mmoja alimzidi umri na sauti. Ndiyo maana walimpa jina la Mwalimu Nong'ona. Aliwafundisha Kiingereza baada ya saa za kazi, katika chumba cha nyuma cha maktaba, kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Kila mara dereva wa lori la maji alipokaa, dawati lililia kama mlango mbovu.

Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Dereva alisimulia ajali alizozikwepa, fundi mwashi alisinzia, dada wa mapokezi alipaka kucha rangi chini ya dawati. Mwalimu akisema "jamani," hakuna aliyesikia. Kisha akaleta sheria. Kitenzi kimoja kinaandikwa ubaoni, na kila mtu kwa zamu anatoa neno jingine linaloweza kushika nafasi yake. Kurudia lililokwisha kusemwa hakuruhusiwi. Atakayekosa anasimama mpaka apate.

Sheria iliwanasa kuliko alivyotarajia. Dereva aliposimamishwa alitia mikono kiunoni akasema amekuja kukagua jengo. Darasa zima likacheka, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza, akajihisi mwalimu.

Kisha mama yake mkubwa akajiandikisha.

Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na mpaka sasa waliishi nyumba moja. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka kutwa nzima, akiwa amesimama. Sasa ilikuwa inakuja mashine mpya, ambayo mwendeshaji wake anakaa kitini na kubonyeza vitufe. Maelekezo yake yote ni ya Kiingereza. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba atakayefanya vizuri katika jaribio la Kiingereza la Jumatatu ndiye atakayekabidhiwa.

"Miguu hii imeshaanza kunikana," mama mkubwa alimwambia. "Nifundishe. Lakini huko darasani usinifanye mgeni wa heshima. Nifanye mwanafunzi."

Kila siku alichelewa kutoka kazini, hivyo alikaa dawati la mwisho, karibu na mlango. Mwalimu naye alianza zamu kutoka mbele, kwa mazoea tu. Zamu ilipofika mlangoni, maneno mepesi yalikuwa yameshaliwa yote. Mwalimu aliliona hilo. Aliliona, akalinyamazia.

Alhamisi aliandika ubaoni kitenzi kifupi, *get*.

"Hiki wenye lugha yao wamekifanya punda," alisema. "Kila mzigo wanakibebesha."

"*Receive*," alianza fundi cherehani, mzee mpole wa dawati la mbele. "Kupokea barua, kupokea mgeni."

"*Buy*," alisema dada wa mapokezi. "Kama kumwambia mtu akununulie soda."

"Nani akununulie, na wewe unakaa kwenye kiyoyozi?" dereva akauliza.

"Toa neno lako, achana na soda yangu."

"*Understand*. Kuelewa. Mnanielewa?"

"Hatujawahi," alisema fundi mwashi, kisha akatoa lake: "*Fetch*. Kalete ndoo."

Wakaendelea hivyo, kufika, kuwa, kushikwa na mafua, mpaka zamu ikafika mlangoni.

"*Understand*," alisema mama mkubwa, taratibu, kama mtu aliyelibeba neno tangu asubuhi akiogopa lisimwagike.

"Limeliwa, mama," dereva akasema. "Nimelila mimi."

Akasimama. Alivuta gauni lake la kazi lifunike magoti, akashika mkoba mbele kwa mikono miwili. Mzunguko wa pili ukamfikia.

"*Take*," akasema. "Kuchukua."

Lilikuwa karibu. Mwalimu angeweza kulipokea. Juzi tu alimpokelea fundi mwashi neno la mbali zaidi, na juu ya hilo akamsifu. Lakini dereva alishageuka kwenye dawati lake, meno nje.

"Sheria ni sheria, Mwalimu. Au ya ndugu ina mlango wa nyuma?"

Watu wakacheka. Mwalimu alihisi uso ukimwaka. Akageukia ubao.

"Silo hilo," alisema. "Endelea kusimama, mama."

Akaingia kwenye zoezi la kusoma, akaandika sentensi ndefu kwa mwandiko mzuri sana, ili asipate sababu ya kugeuka. Nyuma yake alisikia kandambili zikihama, uzito ukitoka mguu huu kwenda ule. Alisikia mkono ukigusa dawati.

"Kuegemea si kusimama," dereva akatania.

"Wewe nawe," fundi cherehani akamwambia, "mdomo wako hauna breki kama lori lako."

Mwalimu alipaswa kusema kitu hapo. Alifuta neno ambalo halikuwa na kosa, akaliandika tena.

Darasa lilipoisha mama mkubwa alisema "Asante, Mwalimu," kama wengine, akaondoka. Siku zote walirudi pamoja. Siku hiyo Mwalimu alipanga madawati ambayo yalikuwa yamepangika, akarudi peke yake kwa njia ndefu.

Alimkuta jikoni, miguu ndani ya beseni la maji. Mama mkubwa alipomwona aliangusha kitambaa juu ya beseni upesi, kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama, leo darasani..."

"Chakula kiko kwenye sufuria."

"Nisamehe kwa kukusimamisha."

"Nasimama kutwa, mwanangu. Kusimama hakunitishi." Alinyoosha kitambaa. "Ila hukunitazama. Hata mara moja. Nikajiuliza, kumbe huyu mtoto ananionea haya?"

Mwalimu alitaka kukataa. Hakuweza, kwa sababu haya ilikuwepo kweli, japo hakujua aseme ilikuwa ya nani. Alibaki mlangoni.

"Darasani sirudi," mama mkubwa akasema. "Na hilo jaribio nadhani nitawaachia vijana."

Ijumaa dawati la mlangoni lilikuwa tupu. Mwalimu alisimama mbele ya ubao usio na neno.

"Yule mama wa jana ni mama yangu mkubwa," alisema. "Mnajua. Jibu lake lilistahili kupokelewa. Nililikataa kwa sababu niliwaogopa ninyi."

"Hatusikii huku nyuma," mtu akasema.

Ikabidi ayarudie yote, kwa sauti, neno kwa neno. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Dada wa mapokezi aliinamia kucha zake. Dereva alikuna shingo.

"Sisi tulikuwa tunatania tu, Mwalimu."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa sitanii."

Aliwaambia kwamba sheria ya kusimama imekwisha, akafundisha mpaka mwisho, vibaya, akichanganya kurasa. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuumiza zaidi.

Nyumbani alimsimulia mama mkubwa yote, akitazama sakafu. Mama mkubwa alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ulisema kwa sauti?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza hawakusikia."

Kitu kama kicheko kilimtoka mama mkubwa puani, kikaishia hapo hapo.

"Ningekuwepo ningekuziba mdomo," akasema. "Sasa mji mzima utajua nilikasirika kama mtoto." Akaendelea kuchambua. Kisha akasogeza sinia pembeni, akafuta mikono. "Sirudi kule. Nilishasema. Lakini Jumatatu haijafika."

Mwalimu alivuta kigoda, akakaa mbele yake. Aliuliza swali la kwanza la Kiingereza kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye vidole vyake vyenye vumbi la chaki. Jibu halikuja. Akauliza tena.

"Nimekusikia," mama mkubwa akasema. "Nangoja uinue uso."

Ilimchukua muda. Machozi yalikuwa karibu, na hakutaka kumpa mama mkubwa kazi ya kumbembeleza juu ya yote. Hatimaye akainua uso, na mama mkubwa, bila kutabasamu, akamjibu.