Shikamoo ya Bibi Ghati

"Eti mbuzi siyo matumizi ya lazima! Felistas, hebu niambie, siyo wa lazima kwa nani?"

Felistas, rafiki yake wa chuo, hakupata hata nafasi ya kuguna, maana Eunice alikuwa ameshaendelea. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya bibi yake pale Turwa, mahali pekee mtandao unaposhika vizuri, na kuku walimkimbia kila alipoutupa mkono hewani.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi yake, Ghati, ana fremu mbili za duka kule Sirari, na kodi yake ndiyo inayomlisha. Macho yalipoingia mtoto wa jicho mpaka akawa haoni hata pa kusaini, mwanawe Nchagwa, ambaye kwa Eunice ni baba mdogo, alimpeleka kwa mwanasheria Tarime mjini. Bibi akabonyeza dole gumba, Nchagwa akatoka na hati ya uwakili. Toka siku hiyo hela ya bibi inatolewa na Nchagwa, na chochote bibi anachokula, anachovaa au anachonusa kinapitia kwa Nchagwa.

Na hakuiba hata senti. Hilo ndilo lililomchoma Eunice kuliko yote. Angekuwa mwizi angeitiwa ukoo, akasemwa, yakaisha. Lakini Nchagwa ni mtu wa risiti. Kila kitu kina risiti, na kila kisicho na risiti siyo cha lazima. Ugoro hauna risiti, basi bibi akakatiwa ugoro. Maziwa ya jirani hayana risiti, basi bibi akawa anakunywa chai ya rangi, yeye aliyekamua ng'ombe tangu hajaota matiti. Uji wa wimbi ukageuka uji wa mahindi kwa sababu mahindi yalikuwa yameshuka bei. Hata sadaka Nchagwa aliituma mwenyewe kwa simu moja kwa moja kwenye namba ya kanisa, kwa hiyo Jumapili kikapu kikipita, Bibi Ghati anakipapasa na kukisukuma kwa mwenzake, mkono mtupu, kama mtu asiyemjua Mungu.

Eunice aliyakuta hayo yote aliporudi likizo, akayameza kwa shida. Sasa Robi amefariki.

Robi wa Kenyamonta alikuwa rafiki wa bibi tangu usichana. Babu alipokufa, mto Mara ulikuwa umefurika na watu wengi walirudia njiani, ila Robi alifika. Alifika amelowa mpaka kifuani, kashika kamba ya mbuzi. Mbuzi yule hajasahaulika mpaka leo. Kwa hiyo habari ya msiba ilipofika, bibi alisema neno moja tu: atafutiwe mbuzi, aende naye mwenyewe.

Eunice akampigia baba mdogo, akaweka sauti ya juu ili bibi asikie.

"Mama, nimeshatuma rambirambi kwa simu," Nchagwa akasema. "Imefika, ujumbe ninao hapa."

"Umetuma kwa jina la nani?" bibi akauliza.

"Si langu? Namba si yangu?"

Nchagwa akaendelea kueleza kwamba safari ya Kenyamonta ni gharama, mbuzi ni gharama, na marehemu hali mbuzi. Alipokata simu ndipo Eunice alipopanda kichuguu kumlilia Felistas. Maana huko msibani watasema Nchagwa katoa, na Ghati je? Ghati kamtupa rafiki yake.

Alikuwa bado anafoka aliposikia fimbo ikigonga ukuta.

"Mjukuu wangu, acha kuwapigia kuku kelele. Nipeleke Sirari."

"Bibi, nauli yangu yenyewe—"

"Mwambie mwenye gari atalipwa na Nchagwa. Ana hati."

Ofisi ya Nchagwa iko karibu na mpaka, anapowashughulikia watu makaratasi ya forodha. Asubuhi ile ilikuwa imejaa. Kulikuwa na Ochieng, dereva wa lori kutoka Kisumu, anasubiri mzigo wake uruhusiwe. Kulikuwa na Mama Everlyne, mbadilisha fedha, kaja kuomba chenji. Wengine walisimama mlangoni. Nchagwa alikuwa nyuma ya meza na tai yake, muhuri mkononi, anamwambia mtu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Bibi Ghati akaingia ameshikwa mkono na Eunice. Akauliza, "Yuko mbele yangu?" Eunice akasema yuko. Basi yule bibi wa watu akakunja magoti, akainamisha kichwa kama msichana mbele ya baba mkwe.

"Shikamoo, baba," akamwambia mwanawe.

Muhuri ukabaki hewani. Mdomo wa Nchagwa ulifunguka, lakini neno lipi angetoa? Aitikie marahaba kwa mama aliyemzaa?

"Boss," Ochieng akasema taratibu, "si umeamkiwa? Itika basi."

"Mama, unafanya nini?" Nchagwa akanong'ona. "Inuka."

"Naomba ruhusa, baba. Mdogo huomba kwa mkubwa." Bado alikuwa ameinama. "Naomba maziwa ya chai. Naomba na ugoro kidogo, kichwa kinaniuma. Na kama baba hajachoka na mimi, naomba nikamzike rafiki yangu."

Mama Everlyne akashika kiuno. "Nchagwa, mama yako anakupa shikamoo? Mura, kijana wangu, hiyo laana utaivusha mpaka kwa gari gani?"

Mlangoni watu wakacheka, kisha wakaacha, maana halikuwa jambo la kucheka.

"Jamani, namtunzia hela yake," Nchagwa akasema, jasho limeshafika kwenye tai. "Akiugua kesho mtachanga nyinyi?"

Hapo Bibi Ghati akanyooka. Eunice alihisi mkono wake ukikaza kama wa mtu anayevuta ndama.

"Nikiugua utanitibu, na asante," akasema. "Ila leo siumwi. Nilikupa macho yangu, Nchagwa, sikukupa mdomo. Nikisema maziwa, ni maziwa. Sadaka yangu utaniwekea mkononi, niitie mwenyewe kwenye kikapu nisikie inavyolia. Na mbuzi wa Robi atashikwa kamba na mimi. Kama ni vigumu, niambie. Dole gumba bado ninalo. Lilibonyeza, linaweza kubonyeza tena."

Nchagwa aliangalia meza. Akaangalia watu. Mwisho akauweka muhuri chini polepole, kama kitu cha moto, akazunguka meza, akapiga goti lote kwenye sakafu ile ya vumbi.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia haraka. Alimwacha pale mpaka Ochieng akakohoa.

"Marahaba," akasema. "Funga ofisi. Twende mnadani."

Mnadani bibi hakuuliza bei, hiyo kazi ilikuwa ya mwenye hati. Yeye alipapasa mbavu za mbuzi, akakataa huyu, akakataa yule, mpaka mikono yake ilipokuta beberu mwenye shingo nene. Nchagwa akalipa, halafu, kwa mazoea tu, akamuomba muuzaji risiti. Muuzaji akamwangalia tai, akamwangalia viatu, akamwambia risiti ni huyo anayelia.

Simu ya Felistas iliita wakati gari linaelekea mto Mara. Eunice akapokea kwa kunong'ona, kajikunja dirishani. Bibi alikuwa mbele na pakiti yake mpya ya ugoro, anapiga chafya kwa raha. Nyuma, Nchagwa alikuwa amembana beberu katikati ya magoti, kashika pembe kwa mikono miwili.

"Mbona unanong'ona?" Felistas akauliza. "Hasira zimeisha?"

"Ziishe wapi. Tangu mwaka jana chai ya rangi, halafu ziishe kwa siku moja?"

"Na bibi mbuzi kapata?"

"Kapata. Ila subiri, huyu beberu ameanza kuitafuna tai ya baba mdogo, na yeye bado hajaona. Kesho, nikishatoka makaburini, nikupigie nikwambie amefika Kenyamonta na nini shingoni."