Mkono Usiosikia Moto

Pale gereji walimwita Bandeji, na jina likamkaa. Wenzake walibadilisha plagi, wakaziba pancha, wakagombana na kabureta. Yeye kazi yake ya kujivunia ilikuwa kuvisha mabomba ya moshi ya pikipiki kitambaa cha kuzuia joto. Akimaliza, bomba lilionekana kama mguu uliotoka hospitali, ndiyo asili ya utani wenyewe. Watu walimfuata kutoka mbali. Alikuwa na maneno machache na mikono mikubwa, na mikono hiyo ndiyo iliyomvunjia nyumba.

Tuseme mambo kama yalivyokuwa. Miaka mingi ya kushika vyuma vya moto ilikuwa imemkausha viganja vikawa vigumu kama soli ya kiatu. Mafundi wote pale walikuwa hivyo. Walipima joto la bomba kwa kulipapasa, na aliyeuondoa mkono haraka alichekwa siku nzima. Basi siku moja Bandeji alimpeleka binti yake wa miaka mitatu kutembea kwa pikipiki. Waliporudi akalipapasa bomba, hakusikia kitu, akasema, "Limepoa, mwanangu, shukia upande huu." Mtoto akamwamini baba yake, akashuka, na shavu la mguu wake likagusa chuma.

Mkewe hakumpigia kelele. Alimuuguza mtoto wiki tatu, kisha akafungasha nguo kwenda kwa dada yake.

"Siondoki kwa sababu umekosea," alimwambia mlangoni. "Kila mtu anakosea. Naondoka kwa sababu mpaka leo bado unasema lilikuwa limepoa."

Na kweli alikuwa akisema hivyo, tena kwa ukaidi, kwa jirani na kwa shemeji, kana kwamba ngozi ya mtoto ndiyo iliyodanganya. Ukaidi ulipomwisha ikaja aibu, na aibu nayo ikamfunga miguu. Miaka miwili mtu mzima anashindwa kuvuka mitaa minne kwenda kumwona mwanawe. Kila asubuhi alijiambia kesho.

Kwa hiyo Jumamosi ile mkewe alipoingia gereji akiendesha pikipiki yake, Bandeji aliangusha spana.

"Habari za siku?" mkewe akamsalimu.

"Nzuri. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nimemwacha hapo jirani kwa msusi. Nataka univishie bomba. Siku hizi anakaa nyuma yangu kila tunapokwenda."

Mji ule ulikuwa na mafundi wengi, na mwanamke huyu alikuwa amekuja kwake. Bandeji alitaka jambo moja tu duniani, warudi nyumbani, na moyo wake ukaanza kupiga hesabu zake wenyewe.

Akatandika rola tatu juu ya meza. Ile nyeupe ya nyuzi za kioo, akasema, inawasha mikono na kuchakaa upesi. Nyeusi ni hiyohiyo, imepakwa rangi tu, mbwembwe za vijana. Ya kahawia imetengenezwa kwa nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa. Ni laini, inavumilia mvua na mtikisiko.

"Sisi ungetuvishia ipi?" mkewe akauliza.

"Ninyi, ya kahawia."

"Basi hiyo."

Alilifungua bomba, akalichunguza sehemu ya chini. Palikuwa na kutu. Fundi mvivu angeifunika, kitambaa kikanywa maji, bomba likaoza humohumo ndani bila mtu kujua. Yeye aliikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapangusa mafuta, akakitia kitambaa kwenye ndoo ya maji kilainike. Kuvisha bomba kunataka watu wawili, mmoja avute kitambaa na mwingine azungushe bomba. Kabla hajamwita mtu, mkewe alikuwa ameshavaa glavu.

Walianza chini wakipanda juu kuelekea upande wa injini, ili kila mzunguko uulalie ulio chini yake na maji ya mvua yateleze nje. Hivi ndivyo walivyofanya kazi mwaka ule walipooana, alipokuwa hana msaidizi mwingine.

"Vuta basi, mzee. Unabembeleza chuma?" mkewe akamtania.

Bandeji akacheka, akavuta. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka miwili, na akaanza kufikiri atanunua godoro jipya la mtoto.

"Hii itakaa muda gani?" mkewe akauliza.

"Miaka mitatu, minne, hutahitaji kurudi."

"Hata kwa safari ndefu?"

"Safari gani?"

Mkewe aliendelea kuzungusha bomba. "Nimepata kazi ya kupeleka dawa kwenye zahanati. Ni mji mwingine. Tunahama Jumatatu."

Bandeji alikaza kibano cha chuma mwishoni mwa kitambaa. Alikikaza sawasawa, kwa kuwa mikono ilijua kazi yake hata kama mwenyewe hakuwepo tena.

"Mimi nilidhani..." akaanza.

"Najua ulichodhani. Hata mimi nilidhani, mwenzangu. Miezi sita nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama nje, nainuka. Dada yangu alikuwa anaona haya kunitazama. Ungekuja ukasema neno moja tu, ningerudi na wewe siku hiyohiyo. Hukuja. Sasa nikikutafuta moyoni sikuoni, na sisemi hivi ili kukuumiza."

"Nilikuwa naona aibu."

"Sisi tulikuwa tunakusubiri na aibu yako."

Bandeji alilirudisha bomba mahali pake, akafunga nati, akawasha injini. Moshi mweupe ukafuka kwenye kitambaa. Akamwambia mkewe asihofu, ni unyevu unatoka, utakwisha baada ya dakika chache, na sauti yake ilikuwa ya fundi anayemweleza mteja.

Mtoto akaja mbio kutoka kwa msusi, nywele zimesukwa vizuri. Alikuwa na miaka mitano sasa, mrefu, ana paji la uso la Bandeji hasa.

"Shikamoo," akamwamkia.

"Marahaba."

Mtoto alimwangalia kama unavyomwangalia mtu yeyote wa gereji. Kisha akainua gauni kidogo, akamwonyesha kovu lililong'aa kwenye shavu la mguu.

"Mimi niliungua hapa nilipokuwa mdogo. Mama anasema hakuna aliyefanya makusudi."

Mkewe aligeuza uso pembeni. Ndipo Bandeji alipojua kwamba mwanamke huyu, pamoja na machungu yake yote, hakuwahi kumtaja kwa mtoto kwa ubaya.

"Hili sasa halichomi?" mtoto akauliza, akionyesha bomba.

Angeweza kusema halichomi. Angeonekana shujaa, na mtoto angemcheka kwa furaha. Akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Linachoma," akasema. "Joto limepungua tu. Usiliguse hata kidogo, hata mtu mzima akikuambia limepoa. Yule aliyekuambia limepoa siku ile alikosea. Alikosea kabisa, wala hakutaka kusema. Ukitaka kushuka, muulize mama kwanza."

Mkewe alikuwa amemgeukia. Midomo yake ilifunguka, lakini alichokisema ni, "Panda, mwanangu, twende." Maneno ambayo yangemrudisha nyumbani yalikuwa yamefika hatimaye, ila yeye alikuwa ameshaagana nayo zamani.

Mtoto akapanda, akakumbatia kiuno cha mama yake, miguu ameitenga mbali na bomba.

"Asante, fundi," akasema.

Mkewe akashtuka. "Mwanangu, huyu ni—"

Bandeji akatikisa kichwa. Amwambie ni baba leo, halafu Jumatatu amwambie nini?

"Karibu tena," akamjibu mtoto, akasimama pale gereji mpaka sauti ya pikipiki ilipopotea, kisha akakaa chini kwenye sakafu yenye mafuta, mbele ya mafundi wote, akalia.