Ukurasa wa Nne

Mama Spana alifumbata mikono nyuma ya mgongo, akaibana. Masharti ya serikali yalikuwa wazi: kwa saa sabini na mbili za majaribio, mtengenezaji asikiguse kisanduku chake wala asitamke neno. Sasa, saa ya sabini, mchana kweupe wodini, kisanduku cha joto cha watoto njiti kilizimika ghafla.

Ndani, badala ya mtoto, ililala chupa ya maji yenye kipimajoto. Nyuzi thelathini na sita. Zikishuka chini ya thelathini na nne, oda ya visanduku mia mbili ingekwenda ng'ambo, na karakana yake ya mafundi tisa ingefungwa.

"Shemeji, tumekwisha," alinong'ona mdogo wa mumewe, fundi umeme wake.

"Wewe! Neno jingine nawafuta," alisema ofisa wa manunuzi. Akamgeukia muuguzi. "Mtumiaji anaruhusiwa kukirekebisha, kwa kijitabu cha maelekezo tu. Utajaribu?"

"Mimi? Redio yangu naipiga makofi ndiyo iongee!" Lakini alivaa miwani, akafungua kijitabu.

Akaupita ukurasa wa nne. Thelathini na tano. Mara saba Mama Spana aliuandika upya ukurasa ule, hadi mama yake mzazi, asiyejua bisibisi, akauelewa. *Ee Mungu,* aliomba moyoni, *siombi muujiza. Mrudishe ukurasa mmoja tu.*

"Hebu ngoja." Muuguzi alirudi nyuma. "'Kikizimika, usiogope.' Kha! Nani kasema naogopa?"

Akapapasa chini ya mfuniko, akabandua fyuzi ya akiba. Akaichomeka mahali pa iliyoungua, ikagoma. Thelathini na nne na nusu. Mama Spana akauma ulimi. Muuguzi akaigeuza, ikaingia. Feni ikanguruma.

Saa zilipotimia, ofisa alisoma alichoandika. "Kilizimika, hilo silifichi. Muuguzi amekitengeneza kwa dakika tisa. Hilo nalo silifichi. Mia mbili, hapana. Nitapendekeza ishirini, na wauguzi waandike kila kasoro. Mkizirekebisha, tutaongeza."

"Ishirini tu?" shemeji alilalamika.

Mama Spana alinyoosha vidole vilivyokufa ganzi. "Sasa naruhusiwa kuongea?"

"Ongea, mama."

Mama Spana alimsogelea muuguzi, kalamu mkononi. "Dada yangu, ukurasa wa nne uliupita kwa nini?"

"Maandishi madogo kama chawa!"

Mama Spana akaandika: kasoro ya kwanza.