Poda Kwenye Mkunjo wa Tua

Kipaza sauti cha mwenyekiti wa mtaa kilianza kubwata tena lile tangazo la jana kabla Thongbai hajamaliza kahawa. Afisa mifugo angepita asubuhi hiyo nyumba kwa nyumba, na mbwa yeyote mwenye ugonjwa wa ngozi angepelekwa kambi ya mbwa, nje ya mji wa Lampang. Maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu, lakini umeme wa kutangazia haukukosekana hata siku moja. Ndivyo walivyo wakubwa, aliwaza. Cha kukupa hawana, cha kukunyang'anya wanakifuata mapema.

Alimtazama Tua chini ya meza: mbwa mdogo, manyoya mafupi rangi ya karanga, uso bapa kana kwamba amegonga mlango. Alikuwa wa marehemu mkewe, Lamyai. Kila asubuhi Lamyai alimpakata, akampitishia burashi ya mpira mgongoni, kisha akaingiza kidole chenye kitambaa cha maji ndani ya mkunjo ulio juu ya pua, akafuta, akakausha. Thongbai alikuwa akilalamika kwamba yeye mume hajafutwa hata masikio. Sasa ilikuwa miezi minne tangu mwili wa Lamyai uchomwe hekaluni, na mkunjo ule ulikuwa mwekundu, ukinuka kama tambara lililosahauliwa kwenye ndoo.

Maji ya mtungini alikuwa amefulia shati jana, akabakiza tone tu la alfajiri, afisa asije akamwona hohehahe. Basi akafanya wanachofanya watu wa mtaa mzima joto la Aprili likizidi: akachukua kopo la poda ya baridi, ile ya kujimwagia shingoni ukitoka kuoga, akashindilia mkunjoni mpaka wekundu ukafunikwa.

Haikuchukua muda. Poda ikachanganyika na machozi, ikawa uji. Tua akaanza kusugua uso sakafuni, akikoroma, jicho limefumba, ulimi ukigeuka zambarau. Thongbai akakimbilia bomba. Likakohoa hewa tupu.

Maji yaliyobaki nyumbani yalikuwa kwenye glasi moja tu, mbele ya picha ya Lamyai, yale aliyomwekea alfajiri. Nani amnyang'anye marehemu kinywaji chake?

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Ni ya Tua."

Alichovya kitambaa, akafuta taratibu, akachovya tena, mpaka glasi ikabaki tupu na pumzi ya Tua ikatulia. Wekundu nao ukabaki wazi, hauna pa kujificha, na mlangoni pakabishwa hodi.

Afisa alikuwa Nuan, binti wa muuza tambi wa kona ya mtaa. Alichuchumaa, akaufunua mkunjo, akanusa.

"Mjomba, umempaka poda?"

"Nimempaka."

"Sisi inatupoza. Yeye inamziba." Akasema huo si upele, ni unyevu uliooza. Angerudi Alhamisi, akiukuta umekauka, Tua atabaki. Ukiwa bado, hana la kufanya ila kumchukua. Ufutwe asubuhi na jioni, kwa maji safi.

"Maji safi," Thongbai alirudia. "Waambie wakubwa zako wayalete basi."

Nuan alimwachia karatasi ya onyo, akaenda nyumba ya pili.

Thongbai aliiweka glasi tupu mbele ya picha, akaacha bomba wazi ili asikie likirudi. Kisha akampakata Tua, akaanza kumpepea uso kwa ile karatasi.