Mgeni Akiingia, Chupa Chini

Walimwita Mzee Kaza, na jina hilo halikumjia bure. Miaka yote aliyotunza stoo ya kemikali pale chuoni, kila jioni kabla ya kufunga mlango alipita rafu kwa rafu akishika kifuniko cha kila chupa na kukikaza. Kifuniko kilicholegea, alisema, ni mdomo wa mmbea: hujui kitatoa nini wala kitamfikia nani. Wanafunzi walicheka, lakini stoo yake haikuwahi kunuka.

Sasa alikuwa amestaafu, na akili yake nayo ilikuwa inastaafu pole pole, bila kuaga. Stoo ilishikwa na binti yake wa pekee. Wenzake walimtania kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, naye hakukana. Alirithi funguo, na ukali wa baba alikuwa nao tangu utotoni. Alichokosa ni mtu wa kumwachia mzee nyumbani. Mama alikwisha kufariki, majirani wana shughuli zao, na mzee alishawahi kutoka mwenyewe akaokotwa mbali, hajui alikuwa anakwenda wapi. Basi mkuu wa maabara, mtu mwenye huruma kuliko kanuni zake, akamruhusu binti aje naye kazini.

Mzee aliketi kwenye meza ya dirishani, nje ya stoo, na mbele yake trei ya chupa tupu zilizooshwa. Asubuhi binti alivilegeza vifuniko, baba akavikaza. Baada ya chakula alivilegeza tena, na mzee akaanza upya kwa bidii ileile, kama mtu aliyekuta kazi ya watu wazembe. Ilimtuliza sana. Tusiwe wepesi wa kulaumu hapa. Anayeuguza mzazi wa namna hiyo hushukuru chochote kinachoipa mikono ya mgonjwa kazi. Lakini ukweli ni kwamba binti alikuwa anaifundisha mikono ile jambo moja tu, kutwa nzima, na hakuliona.

Siku yenyewe walikuwa wanahamisha stoo. Mkemia mmoja, mgeni kidogo pale chuoni, alisaidia kuivuta mbele rafu nzito ya ukutani, na nyuma yake ikaonekana chupa ya kahawia ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Binti akapiga magoti akaimulika kwa tochi. Lebo ilikuwa imefifia, ila neno etha lilisomeka bado. Tarehe ya kufunguliwa haikuonekana. Kuzunguka shingo ya chupa, chini ya kifuniko, kulikuwa na punje nyeupe zinazong'aa, mfano wa chumvi ya mawe.

Akarudi nyuma kwa magoti yaleyale.

Etha, kimiminika cha kuyeyushia vitu maabarani, ikiwa mpya ina hatari inayojulikana. Hushika moto upesi mno, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa mezani, hushuka sakafuni, huenda kuutafuta moto hata chumba cha pili, wala haupigi hodi. Kwa hiyo huwekwa mbali na miali na cheche, na mtu akaishi nayo kwa adabu. Etha iliyofunguliwa ikasahaulika ni habari nyingine. Hewa iliyoingia huibadilisha kidogo kidogo mpaka inazaa zile punje, na punje hazihitaji kiberiti. Zinatosheka na msuguano. Ukizungusha kifuniko tu, chupa inaweza kukulipukia mkononi. Hiyo haiguswi. Watu hutoka, mlango hufungwa, na huitwa wataalamu wa mabomu.

"Zima moto wote wa maabara," binti akamwambia mkemia. "Funga gesi kwenye valvu kubwa. Watoe watu taratibu, asikimbie mtu, halafu upige simu. Mimi namchukua baba."

"Valvu kubwa iko wapi?"

Ikabidi amfuate hadi mwisho wa ukumbi kumwonyesha. Ilikuwa safari fupi tu. Aliporudi, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, na mlango wa stoo, ambao kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliuacha wazi, ulikuwa wazi vilevile.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya rafu, ameikumbatia ile chupa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa unaifuta vumbi kwa pindo la shati. Vumbi kwanza, kifuniko baadaye: ndivyo alivyofanya maisha yake yote.

"Baba," binti akaita kwa sauti ya chini. "Weka chini hiyo."

Hakugeuka. "Kimelegea hiki. Watu wa siku hizi wanafunga chupa kama wanafunga sufuria."

"Baba, niangalie kidogo."

"Dada, niache nimalize kazi."

Mtu anayemwita mwanawe dada hawezi kuamriwa na huyo mwanawe. Kupiga kelele asingethubutu, mzee angeshtuka. Kumnyang'anya ndiyo kabisa, wangeikwaruza chupa baina yao. Alitaka kukimbia, na tusimfiche, alitaka sana. Miguu ilikuwa imeshageuka yenyewe kuelekea mlangoni. Ndipo, akiwa nusu ndani nusu nje, akaikumbuka sheria ya mzee iliyowaudhi hata walimu.

Mgeni akiingia, chupa chini. Mtu asiye na koti la maabara akikanyaga stoo, kazi yote husimama. Kilichomo mkononi huwekwa chini polepole, mgeni husindikizwa mpaka nje, ndipo kazi iendelee. Mgeni hushangaa, mzee alisema, na anayeshangaa hugonga vitu. Aliwahi kumtoa mkuu wa chuo kwa sheria hiyo, mbele ya ugeni mzima aliokuja nao, na hakuomba radhi.

Binti akavua koti lake, akalitupa ukumbini. Akatoka kabisa nje ya mlango. Kisha akagonga fremu kwa kidole kimoja.

"Hodi."

"Nani?" mzee akauliza.

"Mgeni."

Ilimuuma kulitamka neno hilo kwa baba yake, tena ilimuuma kuliko alivyotegemea. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kufika kwenye kifuniko. Vidole vikasimama. Mzee akageuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akaona gauni, koti hakuliona.

"Simama hapohapo. Usiguse kitu."

"Sawa, mzee."

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Humu ndani mgeni akija, mwenyeji anaweka chupa chini kwanza."

"Nakusubiri, mzee. Sina haraka."

Akaanza kuinama. Magoti yake yalikuwa mabovu siku nyingi, na kila alipoteremka kidogo alisimama akapumua, chupa ikiwa imetulia kifuani. Binti hakupumua naye. Chupa ikagusa sakafu bila sauti. Mzee akajivuta juu kwa kushika rafu, rafu ikatikisika, ikatulia. Akakung'uta mikono yake mitupu na kumjia.

"Umefuata nini huku?"

"Nimepotea njia."

"Wanapotea wengi," mzee akasema, akamshika kiwiko kwa heshima na kumtoa. Binti akauvuta mlango nyuma yao, akafunga kwa ufunguo.

Nje, chini ya banda la magari, watu wote walikuwa wamekusanyika, na mkemia akasema wataalamu wako njiani. Binti aliketi kwenye ukingo wa njia. Akalia waziwazi, bila kujali nani anamwona. Mzee akasimama kando yake kama mtu asimamavyo kando ya binti wa watu.

"Pole, dada. Stoo huwatisha wengi."

Nyuma yao mtu akauliza kuna nini hasa, na mkemia akamjibu: etha ya zamani, imeota chumvi shingoni.

Mzee akageuka. Uso wake ulibadilika, ukawa ule wa miaka ya kazi.

"Etha? Na ina chumvi shingoni?"

"Ndiyo, mzee. Imo stoo."

"Binti yangu yumo stoo," mzee akasema, na akaanza kwenda.

Magoti yale yaliyoinama kwa shida sasa yalimpeleka mbio. Binti alimfikia karibu na ngazi za jengo, akamzuia kwa kifua na mikono yote miwili.

"Baba, ni mimi. Mimi huyu hapa."

Akamtazama kwa huruma, kama mtu asiye na nafasi ya kubishana. "Wewe ni mgeni. Wewe nimekutoa mwenyewe. Niachie, mtoto wangu atakufa."

Angeweza kumwambia mara mia. Hakutaka kitu kingine duniani saa ile isipokuwa ajulikane na baba yake. Lakini mzee alikuwa anavuta, na alikuwa na nguvu.

"Ameshatoka, mzee," akasema.

"Umemwona?"

"Kwa macho yangu."

"Mikono yake?"

"Mizima. Yote miwili."

Mzee akaacha kuvuta. Binti akamrudisha bandani, akamketisha pale alipokuwa ameketi yeye. Mzee akahema muda mrefu, kisha akamvuta mkono wa gauni.

"Ukikutana naye, mwambie asirudi ndani."

"Nitamwambia."

"Namjua mimi. Akisikia nimo humo, ataingia tu. Mwambie asiingie, hata kama nimo. Umenisikia, dada?"

"Nimekusikia," akasema, akaushika mkono wake, wala hakuuachia mpaka wataalamu walipofika.